Baina ya Fakiri na Tajiri

Wataalamu wa hesabu za maisha huko Marekani, na mashuhuri miongoni mwao ni taasisi ya Pew, humwita mtu wa daraja la kati yule ambaye pato la nyumba yake kwa mwaka, baada ya kuangalia idadi ya waliomo, halipungui theluthi mbili ya pato la kati la nchi, yaani lile ambalo nusu ya nyumba zimelipita na nusu hazikulifikia, wala halizidi mara mbili yake. Kwa mwaka 2023 serikali yao ilikadiria pato hilo la kati kuwa dola 80,610. Basi mwaka huo mwenye kupata baina ya dola 54,000 na dola 161,000, kwa makadirio, hakuhesabiwa kuwa fukara wala tajiri.

Sikatai kwamba hesabu hiyo ina manufaa kwa mwenye kutunga sheria za kodi. Lakini nikiileta kwetu Gatete, upande wa Rumonge nchini Burundi, nashindwa hata pa kuianzia. Mvuvi wa ndagala avuaye kwa taa hukaa bure usiku wa mbalamwezi, na mwenye michikichi huweka mawese yake akingojea bei ipande, kwa hiyo pato la mwezi huu halisemi lolote juu ya mwezi ujao. Na nyumba yenyewe mpaka wake ni upi? Humo wamo mayatima wa ndugu, na pengine yumo ami aliyevuka Ziwa Tanganyika kukimbilia Tanzania katika msiba wa mauaji ya mwaka 1972, akarejea akakuta shamba la baba yake lina mwenyewe mwingine. Maelfu ya wakimbizi wa mwaka huo walichukuliwa kutoka kambi za Tanzania kuhamia Marekani kuanzia mwaka 2007. Na mmoja wao akipeleka fedha kwa jamaa zake huku ziwani, mizani ya kule humhesabia pato lote kana kwamba amelila peke yake.

Maulamaa wetu waliuliza swali lililo zito zaidi: nani apaswaye kutoa zaka, na nani ahalalishiwaye kupokea? Wafuasi wa Abu Hanifa waliweka mpaka kwenye nisabu, ambayo ni mithqali 20 za dhahabu, kiasi cha gramu 85, au dirhamu 200 za fedha. Aliyeimiliki, ikiwa ni ziada ya haja zake za lazima, ni tajiri. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Waswahili, alitazama kifaya, yaani kiasi cha kumtosha mtu: mtu aweza kuwa na mali ya nisabu naye akabaki maskini, ikiwa haimtoshi yeye na wanaomtegemea, na mwenye nguvu na kazi ya kumtosha hana fungu katika zaka, ijapokuwa hana akiba. Hoja yake aliipata katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 79, ambako watu wenye jahazi, wafanyao kazi baharini, wametajwa kuwa ni maskini. Sijui aya iwafaayo wavuvi wetu kuliko hiyo, kwani mara nyingi mtu hunyimwa msaada kwa kuwa ana mtumbwi.

Mimi naishika kauli ya Shafi, kwa kuwa ndiyo imwonayo mtu pamoja na watu wake. Tena ndiyo isiyomvunjia mnyonge heshima, maana kwa madhehebu hayo hayo zaka ya fitri, pishi moja kwa kila kichwa, humlazimu kila aliyezidishiwa kitu juu ya chakula chake na cha watu wake kwa mchana na usiku wa Idi, na mahitaji yao ya lazima. Hivyo nyumba nyingi za Gatete, ambazo kwa mizani ya Marekani hazifiki hata kizingiti, siku hiyo zimo katika safu ya watoaji.

Basi nawaomba maimamu na wazee wa misikiti yetu, wakaapo kugawa zaka, wasianze kumwuliza mtu anapata faranga ngapi au ana mtumbwi. Wamwulize kwanza ni watu wangapi wanaomtazama yeye.