Jumanne: Ukingo wa Paa

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Wajibu unaotajwa katika fungu hili ni wa nani, nao unaanza lini?

Katika Israeli ya kale mapaa ya nyumba yalikuwa tambarare. Watu walipumzika huko, na Petro alipanda huko kuomba (Mdo 10:9). Ndiyo maana Mungu alimwagiza mjenga nyumba aweke ukingo, asije akabeba hatia ya damu mtu akianguka. Angalia kwamba agizo hili haliulizi kama aliyeanguka alikuwa mzembe. Linamhusu mwenye nyumba, tena kabla mtu yeyote hajaanguka.

Leo, katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani kama Minnesota, mafundi wa kuezeka hupanda juu hata majira ya baridi. Theluji iliyoyeyuka mchana huganda usiku, na asubuhi paa huwa na barafu nyembamba isiyoonekana kwa urahisi. Theluji nyingine huficha mwisho wa paa, au vioo vya kuingizia mwanga ambavyo huenda visihimili uzito wa mtu. Sheria za ujenzi nchini humo hudai kinga dhidi ya kuanguka kuanzia kimo cha futi 6 (mita 1.8), kama vile vizuizi, wavu, au mikanda ya mwili iliyofungwa kwa kamba mahali imara. Hata hivyo, kuanguka ndiko kunakoua wafanyakazi wengi zaidi wa ujenzi huko.

Kukwangua barafu na kufunga kamba huchukua muda, na muda ni malipo. Mwajiri anaweza kujitetea: “Sikumlazimisha, alikubali mwenyewe.” Lakini mtu mwenye kodi ya kulipa na watoto wa kulisha ana uhuru kiasi gani wa kukataa? Aliye na uwezo wa kusema, “Leo tusipande,” ndiye mwenye wajibu wa kulisema neno hilo.

Je, fundi hana wajibu? Anao. Juu ya kinara cha hekalu, Yesu alikataa kujitupa chini kwa kisingizio cha kuwategemea malaika (Mt. 4:5–7). Ombi la asubuhi halichukui nafasi ya kamba. Lakini uzembe wa fundi haumwondolei mwajiri hatia, wala haumwondolei mteja anayedai kazi iishe haraka kwa bei ya chini kabisa. Amri ya sita huvunjwa pia na mtu ambaye hakuinua mkono wake, bali aliokoa gharama tu.

Ni nani anayefanya kazi ya hatari kwa ajili ya starehe yako? Ni ukingo gani unaopaswa kuujenga kwa ajili yake sasa, hata kama utakugharimu?