Je, Ni Vema Mgonjwa Anyamaze?

Mara nyingi tusimamapo kaburini twasema, "Marehemu alikuwa mvumilivu, hakulalamika hata siku moja." Neno hili tumelinena juu ya wengi, na wasikiao hutikisa vichwa kwa kuridhika. Leo twataka kuuliza kama ni sifa njema, maana tulikuwa karibu kulinena juu ya mama yetu mzazi, nalo halikuwa kweli.

Mama alikaa Chato, karibu na ziwa, akaugua kisukari miaka 19. Alilea watoto sita, kisha wajukuu. Miaka ya mwisho alijidunga insulini asubuhi na jioni. Dawa hii ilipatikana Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting, Charles Best na wenzao. Kabla yake mtoto aliyeshikwa na kisukari hakuwa na tumaini la kuishi. Lakini joto huiharibu, na barafu pia. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na jokofu, mama aliiweka katika chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, na katikati mchanga uliolowa. Maji yakaukapo polepole huondoa joto, na dawa hukaa katika ubaridi. Mjukuu wake, binti wa dada yetu, ndiye aliyeunyunyizia mchanga ule maji kila siku.

Safari za Bugando, kule Mwanza, zilikuwa kazi. Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, naye mama alikuwa amekwisha lala. Siku zake tulingoja kivuko, naye aliketi juu ya mzigo akiuliza habari za watoto wa watu. Tulipomwuliza, "Mama, waumwa?" alijibu, "Nimezoea, mwanangu." Nasi tulisema, "Vumilia, mama," tukadhani tumemfariji.

Siku moja alijidunga, kisha akawagawia wajukuu ugali wake. Ajidungaye asipokula, sukari ya damu hushuka. Hutoka jasho, hutetemeka, hupotewa na akili, hata kufa aweza. Mtoto yule alimnywesha maji ya sukari angali aweza kumeza, akapona. Sisi tuliposikia tuliusifu upendo wa mama. Hatukuuliza kwa nini chakula hakikutosha.

Tena kisukari huharibu neva za miguu. Mama alikanyaga kaa la moto asisikie, na jeraha lilionekana siku ya tatu. Tuliusikitikia mguu usioweza kusema. Wala hatukufikiri ya kuwa sisi wenyewe tulikuwa tumemfundisha mama mzima awe kama mguu ule.

Usiku wa kuamkia maziko tuliyasoma maneno yetu mbele ya jamaa. Tulipofika penye "hakulalamika," mtoto yule akasema, "Mjomba, bibi alilia usiku. Aliniambia miguu yamwaka kama pilipili. Akasema nisiwaambie, maana mtamwambia avumilie."

Labda mtu atasema, mzazi ana haki ya kuwafichia watoto maumivu yake. Ni kweli, hapaswi kuyatangaza yote. Lakini afichaye kwa kupenda si sawa na afichaye kwa kukosa masikio. Mama hakuwa bubu. Alichagua wa kumwambia, akamchagua asiye na hotuba. Na hivyo mtoto wa miaka 11 alichukua mzigo uliokuwa wetu, watu wazima wenye nguo za ibada. Ayubu alilalamika sura nyingi, nasi twamsoma kanisani bila kuona haya. Sijui nani alituambia mama zetu wasifanye hivyo.

Tulilifuta neno lile. Kaburini tulisema ya kuwa mama aliumwa sana, na ya kuwa sisi hatukujua. Mzee mmoja wa usharika alituonya baadaye ya kuwa tumemwaibisha marehemu. Lakini bibi mmoja alitushika mkono, akaanza kutueleza habari za goti lake, tangu lilipoanza kuuma. Tukasimama naye juani hata watu wakaisha kwenda zao.