Alama ya Mlangoni



Usiku ule wa Misri (Kutoka 12) damu ya mwana-kondoo ilipakwa milangoni wakati watoto wangali wazima. Aliyengoja asikie kilio kwanza alikuwa amekwisha kuchelewa.

Leo mhudumu wa afya abisha hodi hapa kwetu Nyakatuntu, katika nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu, akiwatafuta watoto. Maana mtoto huambukizwa na mtu mzima akohoaye karibu naye, na chanjo ya BCG haimkingi kabisa. Aliye chini ya miaka 5, akiisha kupimwa na kuonekana hana ugonjwa huo, hupewa dawa ya kumkinga, ainywe miezi kadhaa. Lakini baba huficha kikohozi chake kwa aibu, mama naye husema, "Mwanangu anacheza, dawa ya nini?"

Kifua kikuu si laana wala uchawi; Robert Koch alikivumbua kijidudu chake mwaka 1882. Basi, baba, usione haya. Mama, usingoje mtoto akonde. Nanyi wainjilisti, mtangulieni mhudumu mlangoni. Mungu aliyewapa Waisraeli alama ndiye atupaye dawa. Anayeileta tumfungulie mlango. Amina.