Theluji ya Kilimanjaro na Neno la Shahidi

Sisi tukaao vilima vya Uchindile twaijua baridi, na ndugu zetu wa Njombe hutusimulia sakitu iunguzayo majani ya viazi. Lakini theluji hatujaiona. Basi mtu akishuka Mlimba kwa gari la moshi, akawaambia watu wa bondeni kwamba katika nchi hii hii, karibu na ikweta, mna mlima wenye maji yaliyoganda juu ya jiwe, je, wana wajibu wa kumsadiki?

Jambo hili lilikwisha kubishaniwa. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alimwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Yule akajibu kwamba ni baridi. Huko London, William Desborough Cooley, mjuzi wa ramani ambaye hakupata kukanyaga Afrika, alikana habari ile. Hata Baron von der Decken alipopanda mwaka 1862 na kuona theluji ikianguka, Cooley hakukubali.

Hatumlaumu kwa kushuku. Jua la ikweta ni kali, na wasafiri husema mengi. Twamlaumu kwa kuwa alimfanya shahidi mwongo pasipo kwenda, wala kuwasikiliza Wachaga waliolala chini ya mlima ule vizazi vingi. Kuvunja jina la mtu kwataka sababu kubwa kuliko ugeni wa habari yake.

Na yule kiongozi je? Wengine walikwisha kusema kwamba weupe ule ni fedha. Yeye alilitaja lile tu alilolijua, asiongeze kitu. Kwetu sisi huyo ndiye shahidi bora kupita wote.

Siku hizi zamu ya kushuhudia ni yetu. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilienea kadiri ya kilometa 12 za mraba. Mwaka 2011 hazikutimia 2. Theluji mpya huanguka bado, lakini hukaa muda mfupi ikayeyuka, na barafu ya kale imekuwa mabaka mabaka. Huenda wajukuu wetu wakakuta jiwe tupu, wakatushuku kama Rebmann alivyoshukiwa. Tukiwapambia habari, tutakuwa kama wale wa fedha. Afadhali kila apitaye Moshi aandike katika daftari lake mwezi na mwaka, mahali aliposimama, na weupe ulipokoma.