Mng'aro wa Vitu

Je, mtu mwaminifu ana haki ya kuwaacha watoto wake katika umaskini ambao angeweza kuwaondolea? Swali hili nililipata katika riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, iliyotoka mwaka 1968, ambayo Abdilatif Abdalla aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Wema Hawajazaliwa. Wengi huisoma kama kitabu cha rushwa. Mimi naiona kuwa ni kitabu cha kupenda vitu. Rushwa ni njia tu ya kuvifikia.

Mhusika mkuu hana jina. Ni karani wa reli. Mfanyabiashara wa magogo anampa fedha ili mzigo wake upatiwe mabehewa, naye anakataa. Anapomsimulia mkewe, Oyo, hapati pongezi. Oyo anamfananisha na ndege aitwaye chichidodo, anayechukia mavi kwa moyo wake wote, lakini chakula chake ni funza, na funza hunenepa humo humo mavini. Sijapata kusoma tusi lililopimwa vizuri kuliko hilo. Oyo hasemi kwamba rushwa ni njema. Anasema kwamba mumewe naye anavitaka vitu, ila hataki kuchafuka.

Waandishi wengi wanaokemea tamaa huifanya kuwa maradhi ya watu wabaya. Kwa Armah tamaa husema kwa sauti za wapendwa: mke, mama mkwe, watoto. Juu ya kilima hoteli nyeupe ya Atlantic Caprice yang'aa, na mng'aro huo ndio ishara kuu ya kitabu. Koomson, aliyekuwa mfanyakazi wa bandarini, ameufikia: sasa ni waziri katika serikali inayojiita ya kijamaa, na mkewe Estella hawezi tena kunywa bia ya nchini.

Kisha, Februari 1966, jeshi linaiangusha serikali ya Nkrumah. Koomson anakimbilia kwa karani huku akinuka kwa hofu, na njia pekee ya kumtorosha ni kitundu cha choo cha ndoo. Chinua Achebe alikiona kitabu hiki kuwa kigonjwa. Mimi sikubaliani naye. Uchafu ule ni hesabu tu: kilicholiwa juu kilimani sharti kitokee mahali.

Lakini adhabu ya Koomson hainitoshi. Oyo anamwambia mumewe kwamba afurahi kuwa yeye hakuwa kama yule. Vema, je, angelisema hivyo kama Koomson angalikuwa bado ndani ya gari lake? Uaminifu unaongoja mapinduzi ndipo uheshimiwe nyumbani umesimama juu ya mchanga.

Nadhani Armah alilijua hilo, ndiyo maana hakumalizia chooni. Asubuhi baada ya mapinduzi, karani anamwona polisi kizuizini akipokea noti kwa dereva wa basi dogo jipya na kuliachia lipite. Nyuma ya basi pamechorwa ua, na maandishi yanayolizunguka ndiyo jina la riwaya. Karani anashika njia ya kwao polepole. Mshahara wake ni ule ule, na watoto wanamngoja.