Kosa la Mkono na Kosa la Kunyamaza

Abiria anayepanda ndege ndogo katika kiwanja cha mgodi wa Geita, au katika kile cha Bulyanhulu, huweka uhai wake juu ya ushahidi wa mtu ambaye huenda asimwone maisha yake yote. Mtu huyo ni fundi aliyeikagua ndege, aghalabu katika karakana iliyo mbali, kisha akatia saini katika daftari la hali ya ndege, yaani kumbukumbu rasmi ambamo rubani huandika hitilafu alizozibaini angani na fundi huandika alichokitengeneza na alichokiahirisha. Rubani mwenyewe hukagua anachoweza kukiona, lakini hawezi kufungua kila kifuniko wala kupima kila skrubu. Sehemu kubwa ya anachokijua kuhusu ndege yake amekisoma. Ndiyo maana kosa la ufundi, ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi na watu wa bima, limebeba swali la zamani zaidi: mtu asiyekusudia ubaya, ambaye kosa lake limepita mikononi mwa wengine wasiolijua hadi likaua, ana hatia gani, na je, hatia hiyo inatokana na mkono ulioteleza au na kinywa kilichonyamaza?

Majibu mawili husikika upesi msibani, Usukumani kama kwingineko nchini: kwamba kazi ya Mungu haina makosa, au kwamba kuna mkono wa mtu. La kwanza lina faraja yake na halistahili kubezwa, ingawa likitamkwa mapema mno humfaa mwenye jambo la kuficha kuliko mfiwa. La pili limeigharimu Shinyanga roho za vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, nalo humtafuta mwenye nia mbaya mahali ambapo pengine hapakuwa na nia yoyote.

Vitabu vitakatifu vyenyewe haviishii hapo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, inamtaja mtu aendaye msituni na mwenzake kukata kuni, chuma cha shoka kikachomoka mpinini na kumuua mwenzake. Mtu huyo hauawi, lakini pia harudi nyumbani kana kwamba hakuna kilichotokea, bali hukimbilia mji uliotengwa kwa ajili ya watu wa namna yake. Qurani, katika Surat an-Nisaa, aya ya 92, inatenganisha kuua kwa kukusudia na kuua kwa kukosea, na kwa huko kukosea inaweka kafara pamoja na diya, yaani malipo kwa jamaa wa marehemu, ambayo wao wanaweza kuyasamehe. Linalogusa zaidi mjadala huu, hata hivyo, ni sharti la kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kuhusu ng'ombe anayepiga watu pembe: mwenye ng'ombe hana hatia mnyama akiua bila kujulikana kuwa na tabia hiyo, lakini kama alikwisha kuonywa naye hakumzuia, hatia inampata yeye. Fikihi ya biashara, yaani sheria ya Kiislamu ya mauzo, nayo humtaka muuzaji aitaje aibu ya bidhaa anayoijua, na humpa mnunuzi hiari ya kuirudisha akiigundua baadaye. Katika hukumu hizi mbili za mwisho, kinachohamisha hatia kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni habari.

Uzito wa habari ulidhihirika tarehe 14 Agosti 2005, pale Boeing 737 ya kampuni ya Helios, iliyotoka Larnaca nchini Saiprasi, ilipoanguka karibu na Athens na kuua watu wote 121 waliokuwamo. Kabla ya safari mafundi walikuwa wameupima mfumo unaodhibiti kanieneo, yaani unaoifanya hewa ya ndani itoshe kuvuta pumzi ndege ikiwa juu sana, na kwa ajili ya kipimo hicho swichi yake ilitolewa katika hali ya kujiendesha na kuwekwa katika hali ya kuendeshwa kwa mkono. Haikurudishwa, na marubani walipozipitia orodha zao za ukaguzi hawakulibaini hilo. Kengele ilipolia ndege ikiwa inapanda, rubani mkuu aliidhania kuwa ya jambo jingine, akazungumza kwa redio na kampuni yake, fundi akiwamo, kuhusu mfumo wa kupoza vifaa, huku oksijeni ikizidi kupungua chumbani mwake. Hapakuwa na anayeficha. Ila kilichofanyika kabla ya safari hakikupata wa kukitamka kwa namna ambayo msikilizaji angekishika, na kwa hiyo wajibu wa kuarifu hauwezi kuhesabiwa kuwa umetimizwa kwa kusema tu, pasipo kuhakikisha kwamba mwingine ameelewa.

Wachimbaji wadogo wa ukanda huu wanaifahamu hali hiyo bila kupanda ndege, kwa kuwa anayeshuka duarani, ndani ya shimo la kuchimbia, asubuhi huyategemea matimba, yaani magogo yanayozuia kuta za shimo, kama yalivyoachwa na wenzake wa zamu iliyotangulia.

Hata hivyo sharti la ng'ombe lina mtego wake: ikiwa kujua ndiko kunakoleta hatia, asiyeitaka hatia ana sababu nzuri ya kutotaka kujua. Rubani aliyetua katika kiwanja kisicho na fundi wala vipuri anajua kwamba hitilafu akiiandika, na ikiwa haimo katika orodha ya zile zinazoruhusiwa kuahirishwa, ndege italala hapo hapo, abiria watalalamika na mwajiri atakasirika. Kishawishi cha kuiandika baada ya kurudi kituoni ni kikubwa, na ndege ikifika salama hakuna atakayeuliza. Kwa sababu hii Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, unaoihusu pia Tanzania, kinaelekeza kwamba uchunguzi wa ajali ufanywe ili kuzuia ajali nyingine na si kwa ajili ya kugawa lawama. Kanuni hiyo ina gharama, na anayeilipa kwanza ni mfiwa, ambaye anaambiwa chanzo bila kuonyeshwa mkosaji. Diya angalau ilimtambua yeye kuwa mdai. Kanuni hiyo inavumilika tu ikiwa msamaha unamhusu aliyekosea akasema, wala hautanuliwi hadi kumfunika aliyejua akanyamaza, sembuse aliyepanga mambo ili asiambiwe.

Huyo wa mwisho mara chache ni fundi; aghalabu ni mwenye mamlaka juu yake. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia Air Tanzania kuruka katika anga yake, na Juni 2025 ukayaongeza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania, ukitaja upungufu wa wataalamu wenye sifa na udhaifu wa usimamizi. Mengi yanaweza kubishaniwa kuhusu orodha hiyo, lakini wamiliki, bodi na serikali hawawezi tena kujibu kama watu wasioonywa. Na rubani wa Geita anayeandika hitilafu jioni, ndege ikabaki kiwanjani na abiria wakatafutiwa malazi, ana haki ya kuwauliza ni nani atakayeulipia usiku huo.