Utamu wa Kisukari Hauwekwi Akiba



Kijana mwenzangu, sisi tuliokulia kwenye vihamba vya Marangu, Kibosho, Uru au Rombo hatuhitaji kuelezwa ndizi kisukari ni nini. Kadogo, ganda jembamba, tamu mpaka unalamba vidole. Ukiionja ukiwa mbali, utoto wote unarudi.

Kwa bibi yangu, mkungu ulikatwa ukiwa umekomaa lakini bado wa kijani, ukapandishwa darini juu ya jiko. Joto na moshi vikafanya kazi yake, sisi wajukuu tukihesabu siku. Shida ya kisukari ni kwamba mkungu ukianza kuiva, unaiva karibu wote kwa mpigo, na ndizi hazisubiri. Siku chache tu, zimekuwa nyeusi. Kwa hiyo kabla hatujashiba bibi alishagawa: chane hii kwa jirani wa juu, hii kwa mgonjwa, hii kwa mjane wa ng'ambo ya mfereji. Nilidhani ni ukarimu wake tu. Kumbe ilikuwa katekesi.

Soma Kutoka sura ya 16. Mana ilikuwa na ladha ya andazi jembamba lenye asali. Yaani Mungu hakutaka watu wake washibe tu kule jangwani. Aliwapa na utamu. Basi furahia kitu kitamu bila aibu, ni zawadi. Ila waliojiwekea mana mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka.

Kumbukumbu nayo huoza hivyo hivyo. Katika Hesabu sura ya 11 watu wale wale wanalilia matango, matikiti na vitunguu vya Misri. Walikumbuka ladha, wakasahau kwamba kule walikuwa watumwa, na zawadi iliyo mbele yao wakaidharau.

Na sisi je? Desemba ikikaribia, picha za migomba na Kibo zinajaa mitandaoni. Ni vizuri. Lakini huko mlimani kuna bibi ambaye mkungu wake unaiva darini na hana wa kumgawia, wajukuu wote wako mijini. Je, tunaipenda ndizi kuliko mikono iliyoipanda?

Yesu alituachia ukumbusho wa namna nyingine. Kwenye Misa hatukai tu kuiwazia Karamu ya Mwisho. Mkate unamegwa leo, tunampokea yeye mwenyewe leo, halafu tunatumwa. Hata Ekaristi inayobaki tabernakulo hupelekewa wagonjwa. Ukumbusho wa Kikristo una miguu, unatoka nje kumtafuta mtu.

Kwa hiyo wiki hii fanya mambo mawili. Mpigie bibi, babu au shangazi aliyebaki kihambani. Usimtumie ujumbe, asikie sauti yako, na umwulize lini unaweza kwenda. Halafu ukipita sokoni nunua chane mbili. Moja kula kwa raha zako. Nyingine mpelekee mtu wa jumuiya yako anayeishi peke yake, na ukae naye mpaka mmalize kula.

Tusali: Ee Yesu, Mkate wa uzima, asante kwa kila utamu uliotulea. Usituache tuule peke yetu. Amina.